Kura ifuate mzigo: haki ya kidemokrasia pale nchi za umoja mmoja zinapoungana kwa viwango tofauti

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaolistahili. Tukisikia kwamba nchi fulani zimeungana, picha inayotujia ni ya nchi zilizoingia kwa masharti yale yale na zinazobeba wajibu ule ule. Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27, hauko hivyo. Wapo wanaotumia yuro na wasioitumia. Wapo waliofuta ukaguzi wa mipaka kati yao chini ya mkataba uliotiwa saini Schengen mwaka 1985, na Ireland, ambayo ni mwanachama tangu 1973, haimo katika mpango huo, ilhali Norwei na Uswisi, ambazo si wanachama wa Umoja, zimo. Swali langu ni hili: katika mpangilio wa namna hii, nani ana haki ya kupiga kura juu ya jambo gani, na nani anaonewa?

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba anayefungwa na sheria ndiye aipigie kura. Mikataba ya Umoja wa Ulaya imeifuata kanuni hiyo nusu nusu. Chini ya Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika mwaka 2009, nchi zisizopungua tisa zinaweza kutangulia mbele ya wenzao kwa utaratibu uitwao ushirikiano ulioimarishwa. Katika Baraza la Mawaziri nchi zote hukaa mezani na kuchangia, lakini zinazopiga kura ni zile zilizojiunga tu, na sheria inayopatikana huzifunga hizo peke yake. Ukivuka upande wa Bunge la Ulaya, mambo hubadilika, kwa sababu wabunge wote hupiga kura, wakiwemo wale ambao wapigakura wao hawataguswa na sheria hiyo hata kidogo.

Sharon Bowles, mbunge kutoka Uingereza, aliongoza kamati ya bunge hilo ya masuala ya uchumi na fedha kuanzia 2009 hadi 2014, miaka ile ile ambayo mgogoro wa madeni ulikuwa unaitikisa yuro. Nchi yake ilikuwa na haki ya kudumu ya kutoingia katika sarafu hiyo. Kamati aliyoiongoza ndiyo iliyoshughulikia sheria za kuzibana bajeti za serikali, zenye adhabu ambazo zingeweza kuiangukia Ureno au Hispania lakini si Uingereza. Simlaumu yeye, maana alikalia kiti alichopewa kihalali. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba mbunge wa Ulaya huwakilisha raia wa Umoja mzima na si nchi iliyomtuma. Hoja hiyo ina nguvu katika maandishi. Mreno aliyepunguziwa pensheni, hata hivyo, hawezi kumwajibisha katika uchaguzi mbunge aliyechaguliwa kusini mashariki mwa Uingereza.

Waingereza wenyewe walilijua tatizo hili kabla ya Ulaya kulijua. Mwaka 1977 mbunge wa Scotland, Tam Dalyell, aliuliza bungeni swali ambalo hadi leo huitwa kwa jina la jimbo lake, West Lothian: ikiwa Scotland itapewa bunge lake, kwa nini mbunge wa Scotland aendelee kupiga kura katika bunge la Uingereza nzima, London, juu ya mambo ya England, wakati mbunge wa England hatakuwa na kura juu ya mambo hayo hayo huko Scotland? Tarehe 27 Januari 2004 swali hilo lilipata mwili. Muswada wa kuruhusu vyuo vikuu vya England kupandisha ada ulivuka kwa kura 316 dhidi ya 311, na wabunge wa Scotland walioiunga mkono serikali walikuwa wengi kuliko pengo hilo la kura tano. Wanafunzi ambao wangelipa ada hiyo hawakuwa wapigakura wao.

Dawa iliyojaribiwa baadaye inafundisha mengi. Mwaka 2015 liliwekwa sharti kwamba muswada unaoihusu England pekee upate kwanza ridhaa ya wabunge wa England. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2020 na kufutwa kabisa mwaka uliofuata. Ugumu wake ulikuwa katika kuamua jambo gani linaihusu England "pekee". Sehemu kubwa ya fedha ambazo Scotland hupewa na serikali kuu hukadiriwa kwa kufuata matumizi ya England, kwa hiyo ukipunguza matumizi ya huduma fulani huku, hesabu hubadilika kule. Hapo ndipo kanuni ya "anayefungwa ndiye apige kura" inapoanza kuyumba, kwa kuwa mtu anaweza asifungwe na sheria na bado ikamfikia mezani kwake.

Denmark ni ushahidi mzuri. Mwaka 1992 wananchi wake waliukataa Mkataba wa Maastricht kwa tofauti ndogo, wakapewa misamaha minne ya kutofungwa na baadhi ya sehemu zake, mmojawapo ukihusu sarafu, kisha wakaukubali mkataba huo mwaka 1993. Mwaka 2000 waliulizwa tena kuhusu yuro, na asilimia 53 wakasema hapana. Ni uamuzi halali kwa kila kipimo. Hata hivyo sarafu yao, krone, imefungwa kwenye yuro kwa kiwango kinachoruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.25 tu, na Benki Kuu ya Ulaya inapobadilisha riba, benki kuu iliyoko Copenhagen kwa kawaida huifuata mara moja ili krone isiyumbe. Familia ya Denmark yenye mkopo wa nyumba wa riba inayobadilika hupokea matokeo ya kikao cha Benki Kuu ya Ulaya mjini Frankfurt, ambamo gavana wa nchi yake hana kiti. Wamebaki na noti zao na picha zao juu ya noti hizo, lakini uamuzi wa riba umehama.

Desemba 2015 walipiga kura nyingine, safari hii kuhusu kulegeza msamaha wao katika masuala ya polisi na mahakama. Wakakataa tena, kwa asilimia 53. Matokeo yake yalionekana Mei 2017, sheria mpya ya Europol, chombo cha ushirikiano wa polisi wa Umoja wa Ulaya, ilipoanza kutumika na Denmark ikakoma kuwa mwanachama kamili wa chombo hicho. Ilipata mkataba wa pembeni. Polisi wa Denmark hawaingii wenyewe katika hifadhi ya taarifa kama wenzao, bali huwapelekea maombi watumishi wa Europol wanaozungumza Kidenmark, nao ndio hutafuta na kurudisha jibu. Katika bodi ya uongozi nchi hiyo hukaa kama mtazamaji asiye na kura. Sioni dhuluma hapo, kwa maana wananchi waliulizwa wakajibu. Naona gharama, na gharama ya uamuzi wako mwenyewe ni sehemu ya demokrasia.

Hata hivyo, nchi iliyobaki nje kwa hiari haipaswi kuchanganywa na nchi iliyoachwa nje. Kwenye ramani, nchi hizo zote mbili hupakwa rangi moja. Romania na Bulgaria ziliingia katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007. Mwaka 2011 Bunge la Ulaya lilikubali kwamba zimetimiza masharti ya Schengen. Zilikwisha kufungwa na sehemu kubwa ya sheria zake, zikiwemo zile za kulinda mpaka wa nje kwa niaba ya wote. Lakini kuondolewa kwa ukaguzi kulihitaji ridhaa ya kila nchi iliyomo, na kila mwaka ilipatikana serikali moja au mbili za kusema bado. Desemba 2022 Austria ilizizuia zote mbili, na Uholanzi ikaizuia Bulgaria, huku Kroatia, iliyoingia katika Umoja miaka sita baada yao, ikiruhusiwa siku hiyo hiyo.

Fikirini dereva wa lori kwenye daraja la Danube kati ya Ruse na Giurgiu. Upande wa nyuma yake ni nchi mwanachama, na upande wa mbele yake ni nchi mwanachama. Amebeba bidhaa zilizoruhusiwa kuuzwa popote katika soko la pamoja. Anasubiri kwa saa nyingi, injini imezimwa, na sababu ya kusubiri kwake ni hesabu za uchaguzi za nchi ambayo hana namna ya kuishawishi kwa kura yake. Ukaguzi wa angani na baharini uliondolewa Machi 2024, na wa nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Miaka 18 ni mingi mno kwa mtu kubeba wajibu bila kupewa haki inayoambatana nao, na hili ndilo ninaloliita uonevu bila kusita.

Msimamo wangu basi ni huu: kura ifuate mzigo wa sheria, asiyefungwa lakini anayeathirika apewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya uamuzi, na ufunguo wa mlango usiachwe mikononi mwa mmoja wa waliokwisha kuingia. Nakaribisha hoja za kunipinga.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu Romania na Bulgaria. Lakini naona unawaonea huruma wasiostahili. Denmark ilichagua. Norwei ilikataa uanachama mara mbili kwa kura ya maoni, mwaka 1972 na mwaka 1994, tena ikapata soko la pamoja la Ulaya kupitia mkataba wa Eneo la Uchumi la Ulaya. Anayekataa kuingia ndani hawezi kulalamika kwamba mazungumzo ya ndani hayamfikii. Ukimpa nafasi ya kusikilizwa, unampa faida ya uanachama bila ada yake.

Mwanzisha uzi

Mkuu, nashukuru kwa hoja nzito. Ni kweli Norwei ilichagua. Ila tuangalie ilichagua nini. Mkataba ule, ulioanza kutumika Januari 1994, si orodha iliyofungwa. Kila sheria mpya ya soko la pamoja inayotungwa huongezwa humo, na Norwei huipokea pamoja na Iceland na Liechtenstein. Wataalamu wao hualikwa wakati rasimu inaandaliwa, lakini saa ya kupiga kura wanakuwa nje ya chumba. Kwa maneno mengine, watu waliridhia mara moja sheria ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa. Ukumbuke pia kwamba Mnorwei ambaye hajatimiza miaka 49 hakuwa na umri wa kupiga kura mwaka 1994. Ridhaa ya wazazi ni msingi, lakini sidhani kama inaweza kubeba jengo linaloongezwa ghorofa kila mwaka.

Utasema wanayo haki ya kukataa. Ipo, katika kifungu cha 102. Ukiitumia, upande wa pili una haki ya kusimamisha sehemu ya mkataba inayohusika, na kwa sababu hiyo kila serikali huiogopa. Mwaka 2011 Norwei ilitangaza kwamba haitaipokea sheria ya tatu ya posta, kwa hofu kwamba huduma za barua katika maeneo ya mbali zingedhoofika. Mwaka 2013 serikali ilibadilika na msimamo huo ukaachwa. Kwa hiyo sisemi wapewe kura. Wakipewa kura bila uanachama, wewe ndiwe utakuwa na haki ya kulalamika. Nasema nafasi yao ya kusikilizwa iwe ya hadharani na mbele ya bunge lao, isiwe ya wataalamu kukutana na wataalamu.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuuliza kwa nini tusilimalize tatizo la mbunge wa Uingereza na yuro kwa kuanzisha bunge la pekee la nchi za yuro. Wazo hilo limekwisha kutolewa Ufaransa na kwingineko. Kila kundi la nchi lingekuwa na bunge lake, na hakuna ambaye angeingilia yasiyomhusu.

Mwanzisha uzi

Nililiunga mkono wazo hilo kwa muda mrefu, na sasa nimelegea. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: ukiacha Denmark, kila nchi iliyo nje ya yuro imeahidi katika mkataba kwamba itaingia. Uswidi haina msamaha wowote. Wananchi wake waliikataa yuro mwaka 2003 kwa karibu asilimia 56, nayo imebaki nje kwa kutoingia tu katika utaratibu wa viwango vya kubadilisha fedha ambao ni sharti la kutangulia. Mbunge wa Uswidi anayepiga kura leo juu ya sheria za yuro anapigia kura mzigo ambao nchi yake imeahidi kuubeba, kwa hiyo si mpita njia. Bulgaria imetoka kundi hilo na kuingia katika yuro Januari 2026. Ingekuwa na bunge la nje jana na bunge la ndani leo, na sheria ilizozikuta zingekuwa zimetungwa bila mtu wake hata mmoja.

Sababu ya pili ni kwamba pengo kubwa zaidi la demokrasia katika yuro halikusababishwa na wabunge wa nje kuingia. Lilisababishwa na maamuzi kutoka nje ya bunge lolote la pamoja. Mfuko wa kuziokoa nchi za yuro uliundwa mwaka 2012 kwa mkataba wa pembeni, nje ya sheria za Umoja wa Ulaya. Kura ndani yake hupimwa kwa mtaji, na Ujerumani ina zaidi ya robo. Hata katika utaratibu wa dharura, ambapo ridhaa ya wote haihitajiki, asilimia 85 lazima ipatikane, kwa hiyo Ujerumani, Ufaransa na Italia kila moja inaweza kuzuia peke yake. Bunge la Ujerumani hupiga kura kabla mwakilishi wake hajakubali mkopo mkubwa, na mahakama yao ya katiba ilisisitiza mwaka 2012 kwamba iwe hivyo.

Sasa itazameni Ugiriki ya Julai 2015. Tarehe 5 wananchi waliulizwa kuhusu masharti ya wakopeshaji, na zaidi ya asilimia 61 wakayakataa. Tarehe 13, baada ya kikao cha viongozi kilichokesha usiku kucha mjini Brussels, serikali ile ile iliyoitisha kura ya maoni ilikubali masharti mazito. Usiku wa kuamkia tarehe 16 bunge la Athens liliyapitisha kwa kura 229, benki zikiwa zimefungwa na kila mtu akiruhusiwa kutoa yuro 60 kwa siku kwenye mashine. Mbunge wa Ugiriki na mbunge wa Ujerumani wote walipiga kura juu ya mpango mmoja, kila mmoja kwa uhalali kamili wa katiba yake. Mmoja angeweza kusema hapana na kwenda kulala. Bunge la pekee la yuro lingesaidia hapa ikiwa tu lingekuwa na mamlaka juu ya fedha hizo. Bila mamlaka hayo lingekuwa ukumbi wa hotuba, na tunao wa kutosha.

Mchangiaji wa 4

Mimi natetea Austria kidogo. Umesema asiyefungwa lakini anayeathirika asikilizwe. Kufunguliwa kwa mpaka wa Romania kunaiathiri Austria, kwa kuwa anayeingia kupitia huko anaweza kufika Vienna bila kusimamishwa. Kwa kanuni yako mwenyewe, kwa nini isiwe na neno?

Mwanzisha uzi

Hoja hii imenifanya nisome tena nilichoandika, na nakiri kwamba sikuweka wazi vya kutosha. Austria ina haki ya neno, na hata ya kura. Wakati masharti ya kuingia yanapoandikwa, kila aliyemo anapaswa kuyapigia kura, na yawe magumu kiasi wanachotaka. Ninachopinga ni mwanachama mmoja kupiga kura mara ya pili baada ya masharti kutimizwa, kwa sababu ambazo hazimo katika masharti. Hapo anakuwa ameligeuza sharti kuwa hisani.

Namna bora zaidi zipo, na si za kubuni. Usimamizi wa pamoja wa mabenki ulipoanzishwa, nchi zilizobaki nje zilihofia kwamba walio ndani wangeingia kila kikao na kura zao mkononi. Utaratibu wa kupiga kura katika Mamlaka ya Benki ya Ulaya, inayoandaa kanuni za mabenki kwa nchi zote za Umoja, ukabadilishwa mwaka 2013: kwa maamuzi ya kanuni lipatikane pia kundi la wengi miongoni mwa walio ndani, na kundi la wengi miongoni mwa walio nje. Hakuna nchi moja inayozuia wote, na hakuna kundi linalolimeza jingine.

Kuhusu mlango, angalia ofisi ya mwendesha mashtaka wa Ulaya, inayofuatilia wizi wa fedha za Umoja. Ilianza kazi Juni 2021 ikiwa na nchi 22. Serikali ya Polandi ya wakati huo ilikataa kujiunga. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 2023, serikali mpya ikaingia Desemba, ikapeleka taarifa kwamba sasa inataka. Kwa utaratibu wa ushirikiano ulioimarishwa, anayethibitisha ni Tume ya Ulaya, ambayo hukagua masharti ndani ya miezi minne. Tume ilithibitisha kabla Machi 2024 haijaanza. Wapolandi walibadilisha mawazo yao kwenye sanduku la kura, na nchi 22 zilizokuwa ndani hazikuulizwa kama zinapenda.